Kutajwa Si Kutembelewa

Kwenye tovuti yangu kuna ukurasa wenye jedwali la betri. Nilizipima kila jioni kwa wiki sita, nikaandika jinsi chaji ilivyoshuka, na chini ya jedwali nikaweka maelezo mafupi: betri ya tatu ilikuwa imeshatumika kabla, msiilinganishe na nyingine. Miezi michache baadaye msomaji mmoja aliniandikia kwamba mstari wa tano nimeukosea, nimegeuza tarakimu. Alikuwa sahihi, nikaurekebisha siku hiyo hiyo. Sasa ukurasa ule unatembelewa zaidi na roboti, yaani programu zinazopita mtandaoni zikisoma kurasa, kuliko watu, na muhtasari wa akili mnemba niliokutana nao mtandaoni unatoa matokeo yangu pamoja na ya betri ya tatu, bila yale maelezo.

Nauleta ukurasa huo kwa sababu mjadala wa wachapishaji na akili mnemba umegeuzwa kuwa wa fedha peke yake. Tangu Google ianze kuweka majibu ya akili mnemba, yaani mihtasari, juu ya matokeo ya utafutaji, Mei 2024 nchini Marekani na baadaye kwingineko, wenye tovuti wanalia kwamba wasomaji hawafiki. Wanajibiwa: dunia imebadilika, nanyi badilikeni, na kama hamtaki kazi zenu zichukuliwe, zifungieni roboti mlango. Nusu ya jibu hilo ni ya haki.

Wachapishaji tuliwachosha watu. Mtu ana swali la sentensi moja, anafungua ukurasa, anakuta aya sita za utangulizi, dirisha linaloomba barua pepe yake, na tangazo la video linalomfuata kila anaposhuka chini. Aya zile hazikuandikwa kwa ajili yake. Ziliandikwa kwa ajili ya mtambo wa kutafuta, kwa sababu tuliamini kwamba mtambo unapenda kurasa ndefu. Google imekuwa ikipambana na uandishi wa namna hiyo tangu 2011, ilipobadilisha namna ya kupanga matokeo yake kwa mabadiliko yaliyoitwa Panda, na Machi 2024 ilitangaza kwamba mabadiliko mengine yangepunguza maudhui duni kwenye matokeo yake kwa asilimia 40, ingawa wenye tovuti ndogo wengi walilalamika kwamba fagio hilo liliwazoa na wao. Tena, hakuna mwenye hatimiliki ya ukweli. Anayeuliza maili moja ni kilomita ngapi hadaiwi na mtu.

Google yenyewe ina utetezi. Agosti 2025, Liz Reid, mkuu wa kitengo chake cha utafutaji, aliandika kwamba jumla ya mibofyo inayokwenda kwenye tovuti haijatetereka sana ukilinganisha na mwaka uliotangulia, na kwamba wanaobofya sasa ni watu wanaokaa wakasoma. Hakuambatanisha takwimu. Na hata tukikubali, jumla huficha mengi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba tovuti nyingine zinapungukiwa na nyingine zinaongezewa. Mto unaweza kuwa na maji yale yale huku mifereji midogo imekauka.

Takwimu ambayo nimeshindwa kuiacha ni ya Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, iliyotolewa Julai 2025. Walifuatilia matumizi ya intaneti ya Wamarekani wazima 900 katika mwezi wa Machi mwaka huo. Mtu alipotafuta kitu na muhtasari haukutokea, alibofya tovuti fulani katika asilimia 15 ya nyakati. Ulipotokea, alibofya katika asilimia 8. Kwa haki, maswali yanayoletewa muhtasari si sawa na yasiyoletewa. Huwa marefu zaidi, na huenda mengine yangeishia pale pale bila kubofywa chochote. Kwa hiyo sitaing'ang'ania hiyo 15 na 8. Inayonisumbua ni namba ya tatu: viungo vilivyomo ndani ya muhtasari wenyewe vilibofywa katika asilimia 1 tu.

Tuihesabu taratibu. Muhtasari umeonekana mara elfu moja. Mara kumi tu ndipo mtu alibofya mojawapo ya viungo vilivyomo. Utafiti huo huo ulikuta kwamba asilimia 88 ya mihtasari ilitaja vyanzo vitatu au zaidi. Basi hao kumi wanagawanywa kwa watatu, wanne, watano, kila mmoja amefanya kazi yake, na kila mmoja anaambiwa ashukuru kwa kuwa ametajwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kiungo ni malipo. Kwa miaka zaidi ya ishirini mapatano yalikuwa mgeni njoo, mwenyeji apone: roboti inasoma ukurasa wako, na kwa sababu imeusoma, watu wanaletwa mlangoni. Roboti bado inakuja kama zamani, tena nyingi zaidi. Watu ndio hawaletwi.

Na msomaji haji na pesa ya tangazo peke yake. Yule aliyeniambia kuhusu mstari wa tano alifika kwa kutafuta jibu la jambo lake, akashuka hadi kwenye jedwali, akaona tarakimu mbili hazipatani. Aliyesoma muhtasari haoni jedwali. Kosa langu likiwa bado lipo, litanukuliwa kwa sauti ya uhakika, na hakuna atakayeniandikia, kwa sababu hakuna aliyefika. Watu wanaliona hili kama jambo dogo. Mimi naliona kubwa kuliko fedha, kwa kuwa kurasa nyingi ambazo akili mnemba inazitegemea zilinyooshwa na wasomaji wake, kidogo kidogo, barua moja baada ya nyingine.

Wikipedia ni ushahidi mzuri, maana haiuzi matangazo, kwa hiyo huwezi kusema inalilia mapato ya mibofyo. Oktoba 2025, Wikimedia Foundation, shirika linaloiendesha, ilisema kwamba kurasa za Wikipedia zinazofunguliwa na watu halisi zimepungua kwa takriban asilimia 8 zikilinganishwa na miezi kama hiyo ya 2024. Hofu waliyoieleza ni kwamba watembeleaji wakipungua, watapungua na wanaojitolea kuandika na kusahihisha, pamoja na wanaochangia. Kabla ya hapo, mwezi Aprili, walikuwa wameeleza kwamba asilimia 65 ya matumizi yanayowagharimu zaidi kwenye seva zao yanatoka kwa roboti.

Sasa ile nusu ya pili ya jibu: fungeni mlango. Mlango wenyewe ni faili dogo linaloitwa robots.txt, lililopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994. Ndani yake unaandika mistari miwili tu: jina la roboti, na sehemu ambayo hutaki iguse. Si kufuli, ni ombi, na roboti za kampuni zinazojiheshimu hulitii. Tangu Agosti 2023 unaweza kuiandika hapo GPTBot, roboti ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, na ikakaa mbali. Mwezi uliofuata Google nayo ikatoa jina lake, Google-Extended, na wachapishaji wengi waliliandika wakalala usingizi wakidhani wamemaliza.

Hawakumaliza. Jina hilo linahusu mifumo ya Gemini, akili mnemba ya Google. Muhtasari unaotokea juu ya matokeo ya utafutaji unahesabiwa kuwa sehemu ya utafutaji wenyewe, na roboti inayoulisha ni ile ile Googlebot inayokuweka kwenye matokeo. Hadi mwisho wa 2025, aliyetaka kujitoa kwenye muhtasari alikuwa na njia kuu mbili. Aizuie Googlebot, apotee kabisa kwenye utafutaji. Au aweke alama ya nosnippet, ambayo inauzuia muhtasari kutumia maneno yake lakini pia inafuta ile mistari miwili mitatu chini ya kiungo chake, abaki na kichwa kitupu katikati ya wenzake wenye maelezo. Akufukuzaye hakwambii toka.

Wakubwa wana njia nyingine. Shirika la habari la Associated Press lilisaini mkataba wa kuiruhusu OpenAI itumie habari zake Julai 2023, Financial Times na News Corp wakafuata katika 2024. New York Times iliishtaki OpenAI na Microsoft Desemba 2023, kisha Mei 2025 ikasaini na Amazon. Penske Media, wachapishaji wa jarida la Rolling Stone, iliishtaki Google Septemba 2025 kuhusu mihtasari hii hii. Mwenye tovuti ya mtu mmoja hana wakili wala hapigiwi simu. Huwa anashauriwa aanzishe jarida la barua pepe, ushauri mzuri ambao nami nimeufuata, ila wengi waliojiandikisha kwenye jarida langu walinifahamu kwanza kwa kutafuta. Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti za wengine, ilileta afueni Julai 2025: tovuti mpya zinazojiunga nayo huzuiliwa roboti za akili mnemba tangu mwanzo, na ilianza kujaribu mfumo wa kuzitoza kila zinapochukua ukurasa. Lakini hilo nalo haliigusi Googlebot, roboti moja inayofanya kazi mbili, maana ukiizuia umejizuia mwenyewe.

Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliitambua rasmi Google kuwa na nguvu za kipekee katika utafutaji, na ikaijumuisha mihtasari ya akili mnemba ndani ya uamuzi huo. Desemba, Tume ya Ulaya ikafungua uchunguzi kuhusu jinsi kampuni hiyo inavyotumia kazi za wachapishaji kwa akili mnemba. Wanaopinga husema serikali haziwezi kulazimisha watu wabofye, na ni kweli, wala sijui mchapishaji anayeomba hilo.

Kinachoombwa ni jina la pili la kuandika kwenye faili lile. OpenAI wameshafanya hivyo: GPTBot hukusanya maandishi ya kufundishia mifumo, OAI-SearchBot huhudumia utafutaji, na mwenye tovuti anaweza kuikataa moja akaikubali nyingine. Siku muhtasari wa utafutaji utakapokuwa na jina lake, nitaliandika kwa ajili ya ukurasa mmoja tu, ule wa betri, na zilizobaki nitaziacha wazi.