Kibodi inaonewa, anayekuumiza mkono ni mausi

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna kipindi nilikuwa naamka usiku mkono wa kulia umekufa ganzi, naukung'uta weee mpaka hisia zirudi, nalala tena. Mchana nikikaa kwenye kompyuta masaa mawili matatu kifundo cha mkono kinawaka moto. Nikajiambia hii ni kibodi tu, si nachapa kutwa nzima? Basi nikazama mtandaoni wiki nzima nasoma, nikanunua ile kibodi iliyopasuka katikati, yaani imegawanywa vipande viwili kila mkono na upande wake, ya hela ya maana kabisa, nikajifunza kuchapa upya kama mtoto wa chekechea, mwezi ukaisha na mkono unauma vilevile.

Ndo nikaja kushtukia kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho muda wote: mbona unauma mkono mmoja tu? Kuchapa nachapa kwa mikono miwili. Kazi ambayo mkono wa kulia unaifanya peke yake ni mausi.

Tangu hapo nina msimamo, na yeyote anayeniuliza aanze kununua nini namjibu asinunue kitu kwanza, aangalie mkono upi unauma, vidole vipi vinaingia ganzi na muda huo anafanya nini. Lile neno ergonomiki kwenye boksi, yaani kitu kimeundwa kiufae mwili, lisikutishe, nimeshaona mausi za kawaida kabisa zimebinywa kidogo ubavuni basi nazo zinajiita ergonomiki.

Vidole vinasema mengi kuliko tangazo lolote. Pale kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna kinjia chembamba, chini mifupa na juu utepe mgumu, na humo zinapita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na neva moja inaitwa mediani, vyote vimebanana humohumo. Ukiuacha mkono umekunjwa kwenda juu au chini muda mrefu mbano unaongezeka na anayelia wa kwanza ni neva. Hiyo ndo inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine, ya ulna, ambayo inapita nyuma ya kiwiko, kwa hiyo kama ganzi yako iko huko inawezekana kabisa tatizo ni hicho kiwiko unachokiegemeza kwenye meza kutwa, na utabadilisha mausi mpaka uchoke. Na kama ganzi haiondoki hata ukipumzika, au umeanza kudondosha vikombe, nenda kwa daktari aisee, achana na maoni ya watu kama mimi.

Sasa mausi. Zile za kusimama, unazozishika kama unampa mtu mkono, mi nazikubali kwa sababu moja tu: mausi ya kawaida inakulazimisha kulaza kiganja kiangalie chini, na ili kiganja kilale hivyo ile mifupa miwili ya mkono chini ya kiwiko lazima ipishane. Ya kusimama inapunguza huo msokoto. Si lazima iwe wima kabisa, MX Vertical ya Logitech imeinamishwa nyuzi 57 na inatosha. Ila kuna vitu wauzaji hawakwambii. Kwanza ukibonya batani unaisukuma mausi pembeni, kwa hiyo siku za mwanzo kursa, kile kimshale cha kwenye skrini, inaruka ruka na utaitukana. Pili, saizi. Mwenye kiganja kidogo akishika mausi kubwa vidole vinajinyoosha kufikia batani siku nzima, hapo umehamisha maumivu tu (kwa viganja vidogo Lift ya haohao Logitech ni nzuri zaidi, na ina toleo la mkono wa kushoto). Tatu, hata uwe na mausi nzuri kiasi gani, kama unaisogeza kwa kuchezesha kifundo badala ya kutoa mwendo kwenye kiwiko na bega, hujafanya kitu.

Mausi za gololi (trackball) nazo zina watu wake, mkono unatulia, vidole ndo vinazungusha. Mi ushauri wangu chukua yenye gololi kubwa katikati ya kuzungusha kwa vidole kadhaa, zile ambazo kidole gumba kinafanya kazi peke yake siziamini, gumba lenyewe tayari lina shughuli kibao za simu.

Tukirudi kwenye kibodi, sijasema haina kosa. Vile vimiguu vya nyuma ambavyo kila mtu anavinyanyua siku anayofungua boksi, vikunje leo hiihii, vinaifanya kibodi ipande nyuma na kifundo kinakunjika kwenda juu. Kitu kingine ni ule upande wa namba. Kama wewe si mtu wa mahesabu yanini ukae nao? Umekaa hapo kulia unaisukuma mausi mbali, mkono unatanuka na bega linabeba mzigo. Kibodi ya vitufe 87 isiyo na huo upande ilinisaidia kuliko ile ya kupasuka, na ni kitu cha kawaida tu hakuna hata aliyekiita ergonomiki.

Za kupasuka zina maana yake lakini. Kwenye kibodi iliyonyooka unaleta mikono katikati halafu unaipinda viganja vielekee nje, hasa ukiwa na mabega mapana. Microsoft waliliona hilo wakatoa Natural Keyboard mwaka 1994. Na kinachonichekesha, ile mistari ya vitufe kutolingana, kila mmoja umesogea pembeni kidogo ya mwenzake, ni urithi wa taipureta za miaka ya 1870, kila kitufe kilikuwa na wenzo wake chini na wenzo zilihitaji nafasi ya kupishana. Wenzo zimeondoka zamani, sisi bado tunapinda mikono kwa heshima yake.

Na acheni kupigapiga vitufe kwa hasira. Swichi, yaani kile kifaa kilicho chini ya kila kitufe, kama Cherry MX Red inahitaji gramu 45 hivi, na herufi inatoka kitufe kikifika milimita 2 kati ya 4, sasa kugonga mpaka chini unapata faida gani? Halafu kile kimto cha mbele ya kibodi ni cha kupumzishia mzizi wa kiganja ukiwa hujachapa, ukikandamiza kifundo juu yake huku unachapa unabana kilekile kinjia tulichokuwa tunakiokoa. Meza ikiwa juu kuliko viwiko vyako pandisha kiti kabla ya yote.

Mimi mwishowe nimehamishia mausi mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza nilikuwa nabonya kama mtu aliyeona kompyuta jana, ya tatu nikasahau kama nimehama. Usumbufu uliobaki ni mtu akija kuazima kompyuta yangu, anapapasa kulia, hakuna kitu, ananiangalia kama nimemficha mausi makusudi.