Msiseme Hawana Nia

Kwenye sherehe za Watanzania hapa Kansas City kuna mazungumzo ambayo hayakosekani baada ya pilau. Mtu anashushia soda, anafuta mdomo, anaanza: hawa ndugu zetu weusi wa Kimarekani wamezaliwa hapa hapa na lugha wanayo, sasa wameshindwa nini? Shule inatajwa, kazi inatajwa, ndoa inatajwa. Mwezi uliopita zamu ikawa ya sigara. "Hata sigara wameshindwa kuacha. Hawana nia." Watu wakacheka. Mimi nikaendelea na paja langu la kuku, maana aliyesema ni mtu mzima na ndiye alikuwa mwenyeji wetu. Niliyoyameza siku ile nayatoa hapa.

Ninafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Saa nane usiku tunapata mapumziko, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikitoka nje kukaa na mama mmoja Mmarekani mweusi, rika la mama yangu mdogo, anayeniita mwanangu. Mimi sivuti. Natoka kupunga hewa na kusikiliza hadithi zake, ingawa hewa yenyewe ndiyo hiyo ya moshi wake. Katika miaka hiyo nimemwona akiacha sigara mara tano. Aliacha siku ya Mwaka Mpya. Aliacha Kwaresima. Aliacha alipomzika kaka yake, saratani ya mapafu. Safari moja alifikisha siku kumi na tisa, akawa anazihesabu kwa vidole mbele yangu kama mtoto anayesubiri sikukuu. Mtu asiye na nia haachi mara tano.

Wala si yeye peke yake. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia magonjwa, ilitoa takwimu za mwaka 2015 ambazo ningependa zibandikwe ukutani kwenye ule ukumbi wa sherehe. Kati ya wavutaji weusi, asilimia 63.4 walijaribu kuacha ndani ya mwaka mmoja. Kati ya wazungu, asilimia 53.3. Sasa tazama waliofaulu: weusi asilimia 4.9, wazungu 7.1. Anayebisha hodi mara nyingi zaidi ndiye anayefunguliwa mara chache. Ukiona hivyo, utamlaumu mbishaji hodi, au utataka kujua mlango umefungwa na nani?

Takwimu hizo hizo zina mstari mwingine ambao watu wanauruka. Kati ya waliojaribu, ni wangapi walitumia dawa au ushauri wa mtaalamu? Wazungu asilimia 34.3, weusi 28.9. Nirudi kwa mama yangu wa zamu. Mara zote tano alizoacha, aliacha mikono mitupu, kwa mkupuo. Plasta ya nikotini, ile ya kubandika begani, alikuwa haitaki kabisa. "Mwanangu," aliniambia, "niache sumu ya mdomoni nikabandike sumu ya ngozini?"

Hapo nilicheka, kwa sababu mimi ni mtoto wa Urambo, Tabora. Nimekulia kwenye tumbaku ya mvuke. Msimu wa mvua, watoto tunaamka alfajiri kuchuma majani yakiwa bado na umande, tunayakumbatia kifuani hadi kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Ikifika saa nne kichwa kinazunguka, unatapika nyuma ya bani, mama anakupa uji, kesho unarudi. Hatukuwa tumevuta hata pafu moja. Nikotini ilipita kwenye ngozi pamoja na maji ya umande. Nilikuja kujua hilo nikiwa Marekani, nikisoma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la plasta la mtu mwingine, na nikakaa chini kwanza.

Kwa hiyo nilimwambia mama wa zamu: ngozi inapitisha, hilo ni kweli, na ndiyo kazi ya hiyo plasta. Inakupa nikotini kidogo kidogo kwa kipimo, ili mwili usipige kelele, wakati wewe unapambana na mazoea ya mkono na mdomo. Kansa iliyomchukua kaka yako imetoka kwenye moshi, kwenye lami na takataka nyingine za kuungua. Alinisikiliza akavuta ya pili. Nilimwelewa. Nchi hii iliwaacha wanaume weusi wa Tuskegee na kaswende bila tiba tangu 1932 hadi 1972 ili madaktari waone itawafanyaje. Kizazi cha mama huyu hakikuisoma habari hiyo darasani, kiliisikia sebuleni. Lakini nakataa watu wanapoishia hapo, eti weusi hawaamini dawa, basi. Kutoamini ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa iko kaunta.

Hapa Kansas City kuna barabara inaitwa State Line Road. Upande mmoja ni jimbo la Kansas, upande wa pili Missouri. Missouri ina kodi ya sigara ya chini kuliko majimbo yote ya Marekani: senti 17 kwa pakiti, na haijapanda tangu 1993. Wapiga kura wameulizwa zaidi ya mara moja, wamekataa. Kansas kodi ni dola 1.29. Basi watu wanavuka barabara. Usiku wowote, saa yoyote, unaingia kituo cha mafuta upande wa Missouri, unatoka na pakiti. Plasta? Bima ya mama inalipia, lakini kwa karatasi ya daktari tu, na alipopiga simu kuomba miadi aliambiwa wiki sita. Kununua mwenyewe, boksi la wiki mbili ni zaidi ya dola 30, na duka la dawa linafungwa kabla zamu yetu haijaanza. Sigara haimngojeshi mtu. Dawa ya kuacha sigara inakuwekea foleni.

Halafu kuna hiyo sigara yenyewe. Mama anavuta za mentholi, kwa wetu wa nyumbani zile za baridi, kama SM. Mentholi inapoza koo, moshi unashuka kama peremende, na mvutaji wake hupata tabu zaidi kuacha; Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2013, ikawataja weusi waziwazi. Leo kati ya wavutaji weusi kumi, wanane wanavuta mentholi. Miaka ya 1950 hawakufika hata mmoja katika kumi. Ulimi wa watu wazima hauwezi kubadilika hivyo wenyewe. Kampuni ziliingia kwenye mitaa ya weusi na mabango, matamasha ya jazi, na magari ya kugawa sigara bure. Boston palikuwa na mtoto aitwaye Marie Evans, alipewa Newport, sigara za mentholi, za bure akiwa na miaka tisa, akawa anazibadilisha kwa pipi. Akiwa na miaka 13 akaanza kuzivuta. Alikufa na saratani ya mapafu mwaka 2002, akiwa na miaka 54, na mwaka 2010 baraza la mahakama likaipa familia yake haki dhidi ya kampuni iliyotengeneza Newport.

Mwaka 1990 kampuni ya R.J. Reynolds ilikuwa imejiandaa kuanza kuuza Philadelphia sigara iitwayo Uptown, iliyotengenezwa mahsusi kwa weusi. Waziri wa afya wakati huo, Louis Sullivan, daktari mweusi, alikwenda Philadelphia akaisema hadharani, na ndani ya siku chache kampuni ikaifutilia mbali. Ushindi ule naupenda, ila usitudanganye. Ilizuiwa sigara moja. Nyingine zote za mentholi zilibaki rafuni. Sheria ya 2009 ilipiga marufuku ladha za matunda na pipi kwenye sigara, ikairuka mentholi. Mwaka 2022 serikali ikapendekeza kuipiga marufuku nayo, na Januari 2025 pendekezo likaondolewa. Wapo weusi waliolipinga kwa hoja nzito, wakihofia polisi, wakikumbuka Eric Garner, mtu mweusi aliyekufa mikononi mwa polisi New York mwaka 2014 baada ya kushukiwa kuuza sigara moja moja. Siwezi kuwabeza. Lakini marufuku iliyopendekezwa iliwalenga watengenezaji na wauzaji, si mvutaji mwenye kipisi chake.

Nirudi kwenye dawa, maana na huko kuna kasoro ya kupima. Maelekezo ya plasta yanahesabu sigara: ukivuta zaidi ya kumi kwa siku unaanza na ya miligramu 21, ukivuta kumi au pungufu unaanza na ya 14. Mama anavuta nane, tisa. Kwa karatasi, yeye ni mvutaji mwepesi. Lakini watafiti wameona tangu miaka ya 1990 kwamba wavutaji weusi, kwa wastani, huvuta sigara chache na kupata nikotini nyingi zaidi katika kila moja, na miili yao huchelewa kuyaondoa mabaki yake. Mimi nimemwona mama akivuta. Anainyonya hadi kwenye kichungi, mashavu yanaingia ndani. Sigara yake moja ni mbili za mtu mwingine.

Naye huyo mvutaji wa chache ndiye aliyekuwa akifungiwa nje ya tafiti nyingi za dawa, maana zilitaka watu wa sigara kumi na kuendelea. Hapa hapa Kansas City, kwenye kituo cha afya cha Swope, watafiti waligeuza utaratibu huo, wakawachukua weusi wavutao kumi au pungufu. Matokeo yalitoka 2006. Bigijii ya nikotini haikuizidi kwa tofauti ya maana bigijii ya bandia, isiyo na dawa: walioacha ni asilimia 14.2 kwa 11.1. Kilichotofautisha watu ni mazungumzo. Kundi moja liliulizwaulizwa kwa ile mbinu ya kumfanya mtu ajitafutie mwenyewe sababu za kuacha. Waliofaulu ni asilimia 8.5. Kundi lingine lilielezwa tu, moja kwa moja, sigara inafanya nini na uache vipi: 16.7. Bibi yangu angesema alijua. Na mwaka 2022 utafiti mwingine wa weusi ulionyesha vidonge vya vareniklini, dawa ya kuacha sigara, vikifikisha asilimia 15.7 ya walioacha baada ya miezi sita, dhidi ya 6.5 kwa vya bandia. Kwa hiyo dawa ikiwafikia, inawafaa.

Mimi na mama tunatia tiki kwenye kisanduku kimoja cha "mweusi" kila tunapojaza fomu. Ila Waafrika tuliohamia hapa tunavuta kidogo sana kuliko weusi waliozaliwa hapa, na hiyo ndiyo inayotupa kiburi kwenye sherehe. Hakuna gari lililosimama Urambo kunigawia sigara nikiwa na miaka tisa. Lilisimama lori kuchukua tumbaku yetu.

Machi mwaka huu nilimpeleka mama duka la dawa baada ya zamu, tukangoja kwenye gari hadi lifunguliwe. Mfamasia, kijana tu, hakumwuliza anavuta ngapi kwa siku. Alimwuliza sigara ya kwanza anaivuta dakika ngapi baada ya kuamka, ili ajue mwili unaidai kiasi gani. Mama akajibu, "Kabla miguu haijagusa sakafu." Akapewa plasta ya 21, na bigijii ya kutuliza hamu ikipanda, akaonyeshwa na namna ya kuitafuna: tafuna polepole hadi ianze kuwasha, iegeshe shavuni, usinywe kahawa kabla yake. Safari moja zamani alikuwa ameitafuna kama jojo, ikampa kwikwi na kichefuchefu, akaitupa.

Wiki ya tatu akanipigia simu mchana. Anaota ndoto za ajabu, kaka yake anakuja na gari jekundu kumchukua, anaamka analia. Je, ni hiyo plasta? Nikamwambia inaweza kuwa ndiyo, aibandue kabla ya kulala, hata kama kulala kwake ni saa tatu asubuhi, na abandike mpya akiamka.