Kwaya Yetu Haikuungua

Juzi nimeletewa profu, yaani nakala ya kusahihisha, ya kijitabu cha jubilei ya kwaya yetu. Neno la kwanza kabisa ni "Mwaka". Mpanga kurasa kaichukua ile M, kaivimbisha, kaizungushia mawaridi aliyookota mtandaoni, kisha kaisukuma pembeni. Miguu yake inaning'inia katikati ya mstari wa pili na wa tatu, na pengo lililobaki unapitisha bajaji. Kinachosomeka ni "waka 1974". Waka! Utadhani kwaya iliteketea.

Nikamuuliza. "Mzee, programu ndiyo inayopanga."

Haya, programu. Wachapaji wa zamani hawakuwa nayo. Mwaka 1457 kule Mainz, Ujerumani, Fust na Schöffer walichapa Zaburi kwa Kilatini, herufi za mwanzo zikiwa na rangi mbili, nyekundu na buluu. Wataalamu wengi wanaona kila herufi ilikuwa vipande viwili vya chuma, herufi mbali na mapambo mbali. Kila kipande kinapakwa wino wake, vinapachikwa tena pamoja, vinakaa katikati ya maandishi meusi, halafu yote yanakandamizwa kwa mkupuo mmoja.

Au tazama P inayofungua kitabu cha jiometri cha Euclid, yule Mgiriki wa kale, alichochapa Erhard Ratdolt, Venice, 1482. Herufi nyeupe, mizabibu myeupe, nyuma kweusi. Huo weupe si wino, ni karatasi tupu: mchongaji aliondoa kila mahali palipotakiwa kuwa peupe, akaacha kilichobaki kibebe wino. Na kibao cha namna hiyo kilibanwa kwenye fremu moja na herufi za risasi, kimo sawasawa. Kikizidi, kinatoboa karatasi. Kikipungua, kinatoka hafifu. Herufi kubwa ililazimika kuelewana na wadogo zake. Hiyo M yangu haimjui hata jirani.

Sawa, na wao walikuwa na uvivu wao. Biblia ya Kiingereza ya 1572 iliazima herufi za kitabu kingine, Waraka kwa Waebrania ukafunguliwa na picha ya Leda, mwanamke wa hekaya za Kigiriki, na yule bata maji wake, mungu Zeu aliyejigeuza ndege ili alale naye. Aibu ya mwaka. Lakini angalau ilikaa kwenye mstari!

Profu ya pili imefika leo asubuhi. Mawaridi hakuna, miguu imetua vizuri, pengo limezibwa. Sasa inasomeka "MMwaka 1974".