Umelipa getini, hujanunua mbuga

Jamani hii tabia ya madereva kuacha barabara pale Maasai Mara inakera! Sheria ni magari matano tu kwa mnyama kama duma, ila redio ikitaja duma tu landkruza zinajazana kama matatu stejini, nyasi zinalazwa, mgeni naye anaahidi tipu wasogee zaidi. Ukilalamika unaambiwa eti mbuga ni ya umma na tumelipa. Haya, umelipa kuangalia, si kumharibia duma mawindo. Utafiti wa 2018 huko huko Mara ulikuta penye watalii wengi mama duma anakuza watoto 0.2 kwa wastani, penye wachache 2.3, sasa mnabishana nini? Na wale wanaoshuka garini kupiga selfi nyumbu wakivuka mto, faini papo hapo.