Msiuguse mfuko wa jamii

Vikundi vya kuweka na kukopa vinasifiwa sana siku hizi, na sifa zote huishia kwenye mikopo: fulani kafungua genge, fulani kanunua cherehani. Ni kheri, sipingi. Lakini kwa ninavyoviona vijiji vya pwani huku Bagamoyo, kinachompa mtu usingizi ni ule mfuko mdogo usiotajwa, mfuko wa jamii.

Sanduku la fedha za kikundi lina kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu, na anayelilaza sanduku kwake hana hata mmoja. Likifunguliwa kikaoni, fedha za hisa zinahesabiwa mbali na za jamii. Hisa kila mtu hununua kwa uwezo wake, moja hadi tano, kitabu kinagongwa muhuri. Ya jamii wote hutoa sawa, mwenye duka na mwenye kuuza maandazi. Hiyo ndiyo nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali usiku, ndiyo sanda. Haina riba, na ya msiba kwa kawaida hairudishwi.

Watazame akina mama wa mwani kule Mlingotini. Kazi yao inafuata maji ya bamvua, bei anapanga mnunuzi, na maji ya kina kifupi yakipata joto mwani unaoza kambani. Benki gani itamkopesha mtu wa kipato hicho mwanawe akiugua? Na asipoonekana kikaoni, kabla faini haijaandikwa kuna mwenzake atapita kumjulia hali. Mimi hiyo naihesabu kuwa afya.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Sawa, fedha za watu zilindwe. Kinachonikera ni vikundi vinavyoungwa haraka haraka kwa ajili tu ya ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotengewa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Watu hawajawahi hata kuzikana, leo wadhaminiane! Marejesho yakikwama, kila mmoja anamkwepa mwenzake njiani.

Ndugu zangu maofisa maendeleo ya jamii, mkikagua kikundi ulizeni kwanza mfuko wa jamii umemsaidia nani mwaka huu. Nanyi wanachama, mzunguko ukiisha gawaneni hisa zenu na faida yake. Ya jamii iacheni sandukuni.