Sikuisahau Sala ya Baba Yetu

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye kuanzia leo namwita rafiki kwa mazoea tu, amekwisha kuituma video ile ya sekunde 40, inayonionyesha jukwaani nikikosea maneno ya sala iliyotiwa kwenye wimbo, kwenye makundi matatu ya WhatsApp, likiwamo la ukoo wetu, naona ni afadhali niieleze habari hii mwenyewe. Naomba jambo moja lirekebishwe kwanza: sikuisahau sala ya Baba Yetu. Kilichoniponza ni kwamba ninaikumbuka mno.

Mnaonifuata mnajua kwamba hapa Chicago nimejiunga na kwaya inayoimba muziki wa gemu akapela, yaani bila ala yoyote, hata ngoma zikipigwa kwa midomo. Safari hii tulichagua "Baba Yetu", wimbo ambao Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV iliyotoka mwaka 2005, na ambao mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Sasa fikirini wenyewe: kwaya ya watu 42, Mswahili mmoja. Nilivimba kichwa hadi kofia zangu za baridi zikakataa kuniingia.

Kwa miezi miwili sikuimba, nilikagua. Nilipita kati ya safu, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu, nikiwarekebisha waliosema "embinguni", na bibi mmoja wa sauti ya pili nilimrudisha kwenye neno "litukuzwe" mara tisa, mpaka akaomba maji. Karatasi ya maneno niliitupia jicho mara moja tu. Niliona "jina lako litukuzwe", nikaona na "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", vilevile kama tulivyofundishwa katekisimu kule Moshi, nikaikunja na kuitia mfukoni. Mtu hasomeshwi sala aliyoijua kabla hajaota meno ya pili.

Jioni ya tamasha, muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani, kijana aliyepangiwa kuimba ubeti peke yake alikaukiwa na sauti. Mwalimu wa kwaya alinitazama. Wengine wote nao wakanitazama. Nilijibu, kwa unyenyekevu wa uongo ambao hata mimi niliusikia, kwamba basi nitajaribu.

Kiitikio cha kwanza kilikwenda vizuri, nikasogea hatua moja mbele ya wenzangu, nikavuta pumzi, nikaanza: "Utupe leo..."

Hapa naomba twende polepole. Katika wimbo huo kinachofuata ni "chakula chetu tunachohitaji". Katika kinywa cha mtu aliyelelewa Kikatoliki kinachofuata ni "mkate wetu wa kila siku", na sijui breki za kuuzuia mkate huo zinafungwa wapi. Nilimsikia mtu akiimba "mkate" kwa sauti kubwa yenye kujiamini, nikajiuliza ni mjinga gani huyo, kisha nikaitambua sauti. Nyuma yangu safu ya besi ilikuwa ikiitikia "chakula", hivyo kwa muda fulani tulimwomba Mungu vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja. Na hesabu nayo ilikataa. "Chakula chetu tunachohitaji" ina silabi 11. Mkate wangu ulikuwa na 10 tu. Nilifika mwisho wa mstari mapema, muziki bado unaendelea, nikawa sina la kufanya ila kulivuta neno "siku" likawa "siku-u-u", kama mbuzi aliyefungwa mbali na majani. (Ndiyo, hapo ndipo mlipoikata ile sauti mkaifanya mlio wa simu. Nimeambiwa.)

"Utusamehe makosa yetu" ni sawa pande zote mbili, na nawahakikishia kwamba sijawahi kuyatamka maneno hayo kwa toba ya kweli namna ile. Baada ya hapo wao waliimba "majaribu" na mimi nikaimba "kishawishi", lakini kwa kuwa maneno yote mawili yana silabi nne, langu lilikaa kwenye mapigo bila taabu, nikadhani nimepona. Kisha wao wakaelekea "utuokoe na yule mwovu", mimi nikaelekea "utuopoe maovuni", na kwa sababu sala ya kwetu inaishia papo hapo, mkono wangu wa kulia, bila kuniuliza, ukapanda hadi kwenye paji la uso. Nilisema "Amina". Nilifanya ishara ya msalaba, ile kubwa, ya mtoto wa kipaimara anayetazamwa na askofu. Nikainamisha kichwa, nikageuka, nikarudi mahali pangu.

Wimbo ulikuwa haujafika hata nusu. Baadhi ya watu ukumbini, kwa kuona mwimbaji ameondoka, walianza kupiga makofi, na aliyeyaanzisha makofi hayo, mkitaka kumjua, ni huyo huyo aliyekuwa ameshika simu.

Wenzangu waliumaliza wimbo kwa Kiswahili safi nilichowafundisha. Yule bibi wa "litukuzwe" alinipa peremende bila kusema neno. Mama alinipigia kutoka Moshi kabla hakujapambazuka huku: "Mwanangu, usilie, waliokosea ni hao wenzako. Hicho chakula wamekitoa wapi?" Nilipomweleza kwamba kimo katika Biblia Habari Njema, maana safari hii nilikuwa nimesoma, alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama huku napata chakula.

Tamasha lijalo tunaimba muziki wa gemu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, uliotungwa na Koji Kondo. Mashine ya Nintendo ya wakati ule ilikuwa na njia tano tu za sauti, na moja kati ya hizo haitoi noti, hutoa mchakacho unaoshika nafasi ya ngoma. Mwalimu amezigawa njia hizo kwa uangalifu mkubwa. Mimi nimepewa mchakacho. Kazi yangu ni kusema "tsi", na katika mazoezi mawili yaliyopita sijakosea neno.