Siku Mdomo wa Papa Mdogo Ulipolala

Nina deni la mbuzi wawili. Bila mbuzi hao, hii ingekuwa habari ya watu wawili waliokula kuku wakarudi nyumbani kulala.

Mahari ya bibi yangu nililipa karibu yote. Wakabaki hao wawili, ambao kila mwaka nasema wako njiani. Basi mdogo wa baba mkwe, tunayemwita Papa Mdogo, akashuka Goma kutoka Butembo kwa shughuli zake. Usiku bibi yangu akaninong'oneza: "Atakuuliza mbuzi." Nikamjibu kwamba mtu aliyeshiba vizuri hakumbuki mbuzi.

Hoteli za kando ya ziwa, kule Himbi, mfuko wangu hauzifikii. Lakini kuna mgahawa wa Wachina, familia moja tu: baba yuko kaunta na kikokotoo chake, mama yuko jikoni, na binti wao wa miaka kama kumi na miwili anafanya devuari, kazi za shule, kwenye meza ya pembeni. Huyo binti ndiye anapokea wateja, maana Kiswahili chake ni cha mtaani Birere kabisa. Sahani ya kuku dola nane, inatosha watu watatu wenye adabu. Chai bure.

Papa Mdogo aliingia na koti na kofia, akaomba bugali. Hakuna. Sombe? Hakuna.

"Papa, iko mchele," binti akasema.

Akaukubali mchele kama mgombea anayekubali matokeo ya uchaguzi.

Bia ilipofika, akakagua kifuniko, akataka chupa ifunguliwe mbele ya macho yake. Kwetu Kivu hilo si tusi. Karuho, ile sumu ya kutiliwa kwenye kinywaji, kila ukoo una mtu anayesemekana aliondoka nayo. Hata mama muuza kasiksi, pombe ya ndizi, huonja kwanza mwenyewe ndipo akupatie. Lakini Papa Mdogo alizidi: kila alipoinua mkono mmoja kukuna ndevu, kiganja cha pili kilifunika glasi. Akiniangalia mimi.

Menyu ilikuwa ya picha. Akagonga kidole kwenye namba 17, vipande vya kuku vilivyozikwa ndani ya pilipili kavu nyekundu.

"Papa, hiyo iko kali."

"Mutoto, mimi nilianza kula pilipili mbele baba yako azaliwe."

Na kweli, pilipili haikumtisha. Vijiti aliviweka kando, akashika kijiko kama jembe. Katikati ya zile pilipili kulikuwa na vipunje vya kahawia, vimepasuka mfano wa midomo ya vifaranga wenye njaa. Akavitafuna navyo. Kijiko cha nne au cha tano kikasimama hewani.

"Mukwe," akasema polepole, "mudomo yangu iko wapi?"

Nikacheka. Halafu nikautafuta wa kwangu, nao sikuupata. Ulimi ulikuwa unatetemeka wenyewe, kama simu iliyozimwa sauti. Nikanywa bia ili kuuosha. Bia ikawa na ladha ya msumari. Kosa langu ni kwamba nilikunja uso, na yeye akauona.

"Na biya pia!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Mukwe! Juu ya mbuzi mbili? Mbuzi mbili tu?"

Mgahawa ukanyamaza. Kwenye meza ya jirani, kijana mmoja aliweka vijiti chini akaanza kujishika midomo.

Nikampigia bibi yangu. Hakuuliza kitu. "Maziwa! Umupe maziwa!" Kisha, baada ya kimya kidogo: "Na wewe ulimufanya nini?"

Nikamtuma motari, dereva wa pikipiki, aliyekuwa mlangoni. Alirudi na bidoni ya lita tano za maziwa ya Masisi, pamoja na motari wenzake wanne waliokuja kuona mtu anakufa. Papa Mdogo alikataa glasi ya mgahawa, akanywa kwenye bidoni yenyewe, maziwa yakishuka hadi kwenye koti. Kila alipovuta pumzi alitoa wosia. Duka liende kwa mtoto wa kwanza. Shamba ligawanywe. "Na huyu mukwe asipewe hata kuku."

Hapo mama akatoka jikoni na upawa mkononi. Aliangalia sahani, akaangalia bidoni, akachota vile vipunje kwa vidole, akavitafuna mbele yetu na kufungua kinywa wazi, kama mtoto anayeonyesha kwamba amemeza dawa. Akasema maneno marefu. Binti akatafsiri bila kuacha kalamu:

"Inaitwa huajiao. Inatoka kwetu Sichuan. Haiko pilipili, iko ndugu ya ndimu na machungwa. Chakula ya hivi tunaita mala: ma ni ganzi, la ni ukali. Mama anasema mudomo ikilala, amepika muzuri. Isipolala, mumurudishie sahani."

Baada ya kama robo saa, midomo ya Papa Mdogo ilirudi, wa chini ukitangulia. Aliujaribu kwa kupiga mluzi. Kisha akaokota kiti, akaketi, akamaliza namba 17 yote, midomo ikalala tena, safari hii huku akiimba. Akaomba afungiwe vipunje kidogo kwenye karatasi awapelekee wazee wa Butembo.

Mimi nikalipa: kuku, mchele, bia, bidoni, motari, na muda wa motari kusubiri. Kwa hesabu hiyo ningekula Himbi.

Asubuhi, akiondoka, alinishika mkono pale kwenye ukuta wetu wa mawe ya volkano, kwa upole mwingi.

"Chakula ilikuwa tamu, mukwe. Sasa mbuzi ni tatu."

"Tatu, Papa?"

"Ya tatu ni ya mudomo."

Nikamgeukia bibi yangu anisaidie. Alikuwa anaangalia Nyiragongo, kama ndiyo kwanza anauona ule mlima.